Makosa yenye majina: kutoka karanga za Nachingwea hadi kompyuta yangu



Juzi nilikuwa najumlisha kilo za ufuta uliouzwa minadani, kwa programu niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Python. Jumla ikatoka ndogo mno. Nusura niandike habari kwamba mavuno yameanguka! Kumbe kwenye baadhi ya mistari kilo zilikuwa zimeandikwa kwa maneno badala ya tarakimu, nami nilikuwa nimeiagiza programu hivi: kosa lolote likitokea, nyamaza, endelea. Ikanyamaza kweli.

Aibu hiyo ikanipeleka kwenye historia. Katika miaka ya 1960, lugha ya PL/I ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumruhusu mwandishi wa programu aseme mapema: hili likitokea, fanya hivi. Python ya Guido van Rossum ilipotoka mwaka 1991, makosa yake yalitambulishwa kwa maneno matupu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, toleo la 1.5 likayafanya makosa ya msingi kuwa klasi, yaani ukoo wenye wazazi na watoto. Mwaka 2006, toleo la 2.5 likaupa ukoo wote babu mmoja: BaseException.

Kugawanya kwa sifuri ni ZeroDivisionError, mtoto wa ArithmeticError. Kutafuta jina lisilokuwemo kwenye kamusi ya programu ni KeyError, mtoto wa LookupError. Kosa langu, neno kukaa mahali pa namba, ni ValueError. Ukimtaja mtoto, unashughulika naye peke yake. Ukimtaja babu, umezoa ukoo mzima, hata wale usiowajua. Mimi nilizoa wote, kisha nikawafungia chumbani.

Sasa tuvuke hapa jirani, Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga kwenye maeneo makubwa ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hawakuanza na shamba la majaribio. Kongwa udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua ikakosekana. Kwetu kusini ilibidi kwanza zijengwe bandari Mtwara na reli ya kufika Nachingwea. Kila mahali kosa lilikuwa la aina yake, na lilitaka dawa yake. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikafuta takriban pauni milioni 36. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Waliotunga lugha za kompyuta walikubali jambo ambalo wapangaji wale hawakulikubali: kosa litakuja tu, basi lipe jina kabla halijafika.

Programu yangu sasa inashika ValueError peke yake, na inanionyesha mstari wenye tatizo. Nilirudia hesabu. Ufuta haukuwa umeanguka hata kidogo.

Tuendelee kuelimishana, wadau.