Filamu za ujauzito na malezi

Filamu za ujauzito na malezi ni filamu ambazo kisa chake kinaendeshwa na mimba, kujifungua, au mtu kujikuta mzazi bila kujiandaa. Nyingi ni za vichekesho au mapenzi.

Katika sinema za Marekani kichekesho hutokana mara nyingi na mwanamume kuwekwa mahali asipopazoea. Katika *Three Men and a Baby* (1987), iliyotengenezwa upya kutokana na filamu ya Kifaransa ya 1985, makapera watatu wanaachiwa kichanga mlangoni; katika *Junior* (1994) Arnold Schwarzenegger anabeba mimba yeye mwenyewe.

Barani Afrika mada hiyo ilishikwa mapema na watengenezaji wa filamu za kuelimisha. *Yellow Card* (2000) ya Zimbabwe, iliyoongozwa na John Riber, inamhusu kijana mcheza soka anayempa msichana mimba, kisha anaachiwa mtoto amlee. Ni nadra filamu ya aina hii kumfuata baba badala ya binti.

Chumo

Kwa Tanzania mfano mzuri ni *Chumo* (2011), iliyoongozwa na Jordan Riber, mwana wa John. Amina (Jokate Mwegelo), binti wa kijiji cha wavuvi, anampenda mvuvi maskini Juma (Yusuph Mlela), lakini kwao wanamtaka Yustus mwenye fedha. Yustus aliigizwa na Hussein Mkiety, yaani Sharo Milionea, mchekeshaji aliyefariki kwa ajali ya gari Novemba 2012. Jokate aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2018.

Ugomvi wa posa ndio unaomvuta mtazamaji. Malaria inaingia Amina akiwa mjamzito. Hatari hiyo ni ya kweli. Vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma, na mama anaweza kuwa navyo bila homa yoyote. Damu yake hupungua, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na uzito chini ya kilo 2.5. Ndiyo maana kliniki humpa mjamzito vidonge vya SP kuanzia mwezi wa nne, hata kama hajisikii mgonjwa, na kumhimiza kulala ndani ya chandarua chenye dawa.

Katika Wilaya ya Kyela, ilipo kata ya Ndandalo, kisa cha namna hii si kigeni. Tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa ina mvua nyingi na mashamba ya mpunga yenye maji yaliyotuama, na mbu hawakosi mahali pa kuzaliana.

Utazamaji

Kwa miaka mingi filamu ziliwafikia Watanzania kwa kanda, DVD na vibanda umiza. Za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri kama Lufufu. Kibandani, hata hivyo, watazamaji wengi huwa wanaume na vijana, na mapigano hupendwa kuliko uzazi. Hadithi za mimba zimetazamwa zaidi sebuleni.