Majina Manne, Bendi Moja

Miezi michache iliyopita nilitembea Kariakoo na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Nilitaka waone jinsi historia ya siasa ya nchi yetu inavyosomeka katika majengo na majina ya mitaa. Tulianzia Mnazi Mmoja, tukapita Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU mwaka 1954, kisha tukaifuata Barabara ya Uhuru hadi Msimbazi. Katika kibanda kimoja hapo, kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi alitufungulia kompyuta yake. Chini ya kichwa cha Zilipendwa kulikuwa na mafaili manne yaliyofuatana: Nuta, Juwata, Ottu, Msondo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza swali la haki kabisa: kati ya bendi hizi nne, ipi ilikuwa kubwa kuliko nyingine?

Kijana wa kibanda, ambaye hakumzidi muulizaji hata miaka mitano, alicheka. "Dada yangu, hiyo ni bendi moja."

Tulicheka sote, lakini njiani nilitambua kwamba jibu lile halikutosha. Ikiwa bendi ni moja, kwa nini ina majina manne? Nani alikuwa akiibatiza? Na kila ilipobatizwa upya, wanamuziki walipata nini, wakapoteza nini? Makala haya ni jibu langu refu kwa mwanafunzi yule.

Tuanze na mazingira ya kuzaliwa kwake. Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, bendi za jiji hili zilikuwa vilabu vya watu wenyewe. Dar es Salaam Jazz ilianza katika miaka ya 1930. Baadaye zikaja Western Jazz, Kilwa Jazz, Rufiji Jazz na nyinginezo, ambazo majina yake yalionyesha walikotoka watu waliokutana mjini wakasaidiana. Hawakuwa na mwajiri.

Mwaka 1964 mambo yalibadilika, na mabadiliko hayo hayakuanzia kwenye muziki. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955 na ambalo katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, lilikuwa mshirika wa TANU katika kudai uhuru. Baada ya uhuru, ushirika huo uliingia doa. Viongozi kadhaa wa wafanyakazi walitaka vyama vyao vibaki huru. Serikali iliona kwamba nchi changa haiwezi kumudu migomo. Yalipotokea maasi ya wanajeshi Januari 1964, baadhi ya viongozi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu cha wafanyakazi: NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi.

Mwaka huohuo wa 1964, chama hicho kipya kiliunda bendi. Ndiyo NUTA Jazz.

Naomba msomaji asiupite upesi mwaka huo. Mfanyakazi wa Tanganyika alipoteza chama chake huru na kupata bendi katika mwaka mmoja. Sisemi kwamba bendi iliundwa ili kumfariji. Sina ushahidi huo. Nasema tu kwamba matukio haya mawili ni mlango mmoja wenye pande mbili. Taasisi iliyokuwa na michango ya uhakika, iliyokatwa moja kwa moja kwenye mishahara, iliweza kununua magitaa, vipaza sauti na tarumbeta ambavyo klabu ya mtaani isingeviota. Iliweza pia kumpa mwanamuziki kitu ambacho hakuwahi kukipata: mshahara wa mwezi. Muhidin Maalim Gurumo, kijana aliyekwisha kupita katika bendi za mjini, alikuwa miongoni mwa waimbaji wake wa mwanzo.

Mfumo huo ulienea. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, mabasi ya UDA yakawa na UDA Jazz, na vyombo vya ulinzi vikawa na bendi zao. Kwa muda, Tanzania ilikuwa nchi ambamo mpiga gitaa aliweza kujaza fomu na kujiita mwajiriwa. Wenzetu wa vyuo vya nje huja kulichunguza jambo hili kwa mshangao. Sisi tuliolelewa na Radio Tanzania tuliliona la kawaida.

Lakini kila bendi ilikuwa na jina la pili, ambalo halikuandikwa kwenye barua za ajira. Hilo ni jina la mtindo. NUTA walijulikana kwa mtindo wa Msondo, neno la ngoma ndefu ya watu wa Pwani. Jina rasmi lilimtaja mwenye vyombo. Jina la mtindo lilitaja mdundo wenyewe, nalo lilikaa kinywani mwa wachezaji na wapenzi. Lishike jambo hili, kwa sababu ndilo lililoiokoa bendi.

TANU na ASP zilipoungana na CCM ikazaliwa tarehe 5 Februari 1977, jumuiya zote zilipangwa upya chini ya chama. NUTA ikawa JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, na bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Hakuna mpiga gitaa aliyebadilika kwa sababu ya jina hilo.

Kilichobadilisha bendi ni kuondoka kwa watu. Mwaka 1978 kampuni ya umma ya usafiri na teksi, TTTS, ilianzisha Mlimani Park Orchestra, ikawavuta Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na wengine. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, na mtindo wake wa Sikinde, ambao nao jina lake ni la ngoma ya Wazaramo, ukawa mpinzani wa kudumu wa Msondo. Mwaka 1985 Gurumo alihama tena, safari hii kwa mfanyabiashara binafsi, katika Orchestra Safari Sound. Baada ya miaka kadhaa akarudi Msondo.

Watu wengi huzisimulia hama hama hizi kama tamaa au usaliti, kama zinavyosimuliwa za wachezaji kati ya Simba na Yanga, vilabu ambavyo navyo makao yake yako humuhumu Kariakoo na jirani yake. Mimi nazisoma tofauti. Mwanamuziki hakuwa na hisa katika bendi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, zikapigwa nchi nzima, lakini kupigwa kwake hakukumletea mtunzi kipato cha kumkimu uzeeni. Kiwanda cha sahani za santuri hatukuwa nacho. Wanaotaka kutoa santuri walitazama Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 ukafunguliwa tena mwaka 1983. Kwa hiyo mtaji pekee wa mwanamuziki ulikuwa koo lake na vidole vyake, na njia pekee ya kudai nyongeza ilikuwa kuvihamisha. Pale ambapo mgomo hauwezekani, kuhama ndiyo lugha ya madai. Na hawa, tukumbuke, walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi.

Jina la tatu lilikuja na upepo mwingine. Mwaka 1991 sheria iliunda OTTU, nchi ilipokuwa ikijiandaa kuingia mfumo wa vyama vingi, na jumuiya ya wafanyakazi ikaanza kujitenga na CCM. Bendi ikawa OTTU Jazz. Sauti iliyotawala kipindi hicho ni ya TX Moshi William, ambaye herufi za jina lake la sifa zilitokana na namba za magari ya wataalamu wa kigeni. Mtaa ulikuwa umeamua kwamba huyu naye ni mtaalamu, bila kusubiri cheti. Pamoja naye alikuwapo mpiga gitaa Said Mabera, aliyeingia katika miaka ya 1970 na kudumu kwa miongo, akiyaona majina yakibandikwa na kubanduliwa.

Lakini OTTU haikuwa NUTA. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa au kufungwa, na wanachama wakipunguzwa kazi. Redio binafsi zilianza mwaka 1994, na baada yake ukaja muziki wa kizazi kipya, ambao haukuhitaji bendi ya watu kumi na wanne wala lori la vyombo. Bendi za taasisi zilikufa moja baada ya nyingine, nyingi bila hata tangazo. Ya kwetu ilifikia mahali ikabaki bila mlezi.

Hapo ndipo ilipofanya jambo ambalo ningependa wanafunzi wa siasa walitafakari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliacha kubeba jina la mwajiri, ikachukua rasmi jina ambalo wapenzi walikuwa wakilitumia siku zote: Msondo Ngoma. Wanamuziki wenyewe wakawa ndio wenye bendi. Walipofukuzwa katika nyumba ya kupanga, walikuta kwamba kiwanja kilikuwa chao tangu zamani.

Kwa kulinganisha, tazama bendi ya Uingereza iitwayo Simply Red, iliyoanza Manchester mwaka 1985. Wapigaji wake walibadilika mara nyingi. Aliyebaki ni mwimbaji Mick Hucknall. Aliivunja mwaka 2010, akaifufua mwaka 2015. Huko, mtu alibaki na jina likabaki naye. Alipoachana na kampuni kubwa ya kurekodi, alitoa albamu ya mwaka 2003 kwa lebo yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa na fedha na sheria inayotambua kwamba wimbo ni mali. Msondo ilijizaa upya kwa njia tofauti: watu walikuja na kuondoka, wengine wakafa, jina likabaki. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, Gurumo mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017. Jukwaa halikuzimwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa kusifu ustahimilivu. Tunapenda sana kusifu ustahimilivu wa watu tuliowanyima haki. Mwaka 2013 Gurumo alipostaafu muziki, alisema hadharani kwamba miaka yote hiyo haikumwezesha kumiliki hata baiskeli. Msanii kijana, Diamond Platnumz, akamzawadia gari. Taifa lilishangilia, nami nililiona kuwa tendo la heshima la mjukuu kwa babu. Lakini zawadi si stahili. Mzee aliyelitumikia jukwaa la wafanyakazi, la chama na la taifa hakupaswa kuusubiri ukarimu wa kijana mwenye roho nzuri.

Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na kuanzishwa kwa COSOTA mwaka 2001 ni hatua kubwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nyimbo hizi ilitungwa na kurekodiwa kabla yake, na watunzi waliokuwa waajiriwa, kwa vyombo vya mwajiri ambaye hayupo tena, katika studio ya redio ya taifa. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu mlioko serikalini mnisikilize katika mambo mawili yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, nyimbo zilizomo katika hazina ya iliyokuwa Radio Tanzania ziorodheshwe kwa jina la mtunzi, si la taasisi peke yake. Pili, orodha hiyo iwe wazi, ili wanamuziki walio hai na warithi wa waliofariki wajue cha kudai na pa kudai. Nanyi wanaharakati wa haki za wafanyakazi, mnapopigania mikataba ya viwandani, kumbukeni kwamba mpiga tarumbeta naye ni mfanyakazi. Chama chenu cha zamani kilimwajiri.

Kariakoo yenyewe ni somo katika jambo hili. Jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Watu wakalitafuna jina la mwajiri hadi likawa la kwao, na leo hakuna mchuuzi wa Mtaa wa Kongo anayejiona mpagazi wa mfalme. Lakini kati ya wapagazi wale, walio wengi hatuyajui majina yao.

Siku ile, kabla hatujaondoka kibandani, mwanafunzi wangu alinunua mafaili yote manne. Alilipa, kijana akahesabu chenji. Kisha binti akamuuliza, kwa upole tu: "Katika hela hii, wenyewe wanapata ngapi?"

Kijana hakucheka mara hii. Alisema hajui nani wa kumpa. Sidhani kwamba alikuwa anakwepa. Ni wajibu wetu, sisi wenye ofisi na kalamu, kumwonyesha.