Surfraw

Surfraw ni mkusanyiko wa skripti ndogo za sheli, zilizotungwa awali na Julian Assange wa Australia kabla jina lake halijavuma duniani kwa ajili ya WikiLeaks, ili mtumiaji wa mifumo ya jamii ya Unix apate kutafuta habari katika intaneti pasipo kulazimika kufungua kwanza ukurasa uliojaa picha na matangazo yasiyomhusu. Kila skripti, ambayo kwa mzaha wa watungaji huitwa elvis (na zikiwa nyingi, elvi), ina kazi moja mahususi: hii huelekea Google, ile Wikipedia.

Mtu huandika amri surfraw, au kwa mkato sr, kisha jina la elvis, kisha maneno anayoyatafuta. Nayo skripti huyaunga maneno hayo katika anwani na kuikabidhi kwa kivinjari, kiwe cha maandishi matupu kama lynx na w3m, au cha picha kama Firefox. Taabu halisi, ambayo wanagenzi wa fani hii aghalabu huidharau, imo katika kuyatengeneza maneno yenyewe; kwani nafasi haina budi kugeuzwa kuwa %20 au alama ya kujumlisha, na alama ya & ikiachwa ilivyo, seva hudhani kuwa swali limekwisha na yafuatayo ni jambo jingine kabisa.

Msimbo wake, uliofuata kanuni za POSIX, umeachwa kuwa mali ya umma. Wapo wauambatanishao na dmenu, programu ndogo ya menyu, ili utafutaji uanzie kwenye eneo-kazi kwa kubonyeza vitufe vichache tu.