Ukiishi na VVU, tunza moyo na mawazo pia

Dawa za ARV zimewawezesha watu wengi wanaoishi na VVU kufika uzeeni. Lakini hatari yao ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ni karibu mara 2 ya watu wasio na virusi. Hata virusi vikifubazwa, kinga ya mwili haitulii kabisa, na hali hiyo huumiza kuta za ndani za mishipa ya damu. Mafuta hujijenga hapo, na njia ya damu huwa nyembamba.

Mawazo yanahusikaje? Tuanze na sonona, yaani huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo kwa wiki 2 au zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwafuatilia zaidi ya wanajeshi wa zamani 26,000 wenye VVU. Waliokuwa na sonona walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo kubwa zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko wenzao wasio nayo.

Sonona na msongo wa mawazo huuchosha moyo kwa njia 2. Kwanza, hofu na kunyanyapaliwa huamsha homoni zinazopandisha mapigo ya moyo na presha. Pili, aliyekata tamaa huruka dozi, huvuta sigara, hunywa pombe kupita kiasi, hukosa usingizi. Akiruka dozi, virusi huongezeka na mishipa huumia zaidi.

Ufanye nini?

- Siku ya kuchukua dawa, omba kupimwa presha. Ikifika 140/90 au zaidi, rudi upimwe tena.
- Mwambie mhudumu ukikosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya kuishi. Sonona ni ugonjwa, na ina tiba: ushauri nasaha na, ikihitajika, dawa.
- Kabla ya kutumia dawa yoyote mpya, taja ARV unazotumia.
- Acha sigara, punguza chumvi na mafuta, na tembea kila siku.
- Tafuta mtu mmoja unayemwamini, au kikundi cha wenzako, mzungumze.

Kifua kikikubana, ukihema kwa shida, mdomo ukipinda au upande mmoja wa mwili ukiishiwa nguvu ghafla, usisubiri kupambazuke. Wahi hospitali. Na mawazo ya kujiua yakikujia, usibaki peke yako: mwite mtu sasa hivi akupeleke kituo cha afya.