Kugundua na Kutambua: Diski Inapotafutwa Mtandaoni

Mgeni anayekuja kwetu Bukoto, Kampala, huelekezwa kwa fleti nyeupe au fleti za kahawia. Namba ya kiwanja haimsaidii sana. Kompyuta zilianza kinyume chake, kwa namba. Kiwango cha SCSI cha mwaka 1986 kiliruhusu vifaa vinane tu kwenye kebo moja, kompyuta yenyewe ikiwemo, wenye namba 0 hadi 7. Kutafuta diski kulikuwa kuita namba na kungoja iitike.

Mtandao ulipoiweka diski jengo jingine, anwani yake ikawa ya kubadilika. Itifaki ya iSCSI, iliyochapishwa Aprili 2004, ikaipa jina la kudumu: herufi iqn, mwaka na mwezi, kisha jina la kikoa lililogeuzwa. Hivyo ac.ug husomeka ug.ac, nchi ikitangulia. Tarehe imo kwa kuwa kikoa huweza kupata mwenyewe mwingine. Mwaka 2005 likaja daftari la pamoja, iSNS, linalohifadhi majina pamoja na anwani zake.

Sisi tuliwahi kudhani kwamba rekodi za hadithi simulizi walizokusanya wanafunzi wetu zimepotea, kumbe anwani tu ndiyo iliyobadilishwa. Daftari lilipoulizwa lilitaja diski tatu: huko ni kugundua. Ipi yetu? Jina ndilo lililojibu, na huko ni kutambua. Tuliwahi kuyaita yote mawili "ugunduzi". Darasani kwetu tumeacha.