Desemba ya Bujumbura: Sikukuu Iliyoomba Ruhusa

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya Rumonge, baada ya kilomita kama kumi unafika Mugere. Juu ya kilima pana jiwe kubwa lililochongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Siku za mwisho wa mwaka jiwe hili halikosi wageni. Vijana hulipanda na viatu vipya, bibi harusi hukusanya gauni lisiguse tope, mpiga picha hurudi kinyumenyume mpaka ziwa liingie lote nyuma yao. Wachache huuliza wale wazee wawili walifuata nini huku.

Walifuata jibu la mto. Mabingwa wa jiografia Ulaya walikuwa wakibishana: je, Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka? Wakaukuta unaingia, wakageuza mtumbwi, wakarudi Ujiji. Mwezi mmoja kamili baada ya tarehe ile ya kwenye jiwe, Stanley akataka waile Krismasi kama inavyoliwa kwao. Kwa maelezo yake mwenyewe karamu ilivurugika: nyama ya kuoka iliharibiwa, kastadi ikaungua, na lawama zote akatwishwa mpishi wao, Ferajji. Ferajji hakuachiwa ukurasa wa kujitetea. Ningependa kusikia upande wake, hasa kuhusu kuni za Desemba, kwa maana mvua ya mwezi huo tunaijua.

Tena Livingstone mwenyewe alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre mwaka 1813, na Uskoti ya utoto wake haikuwa nchi ya Krismasi. Bunge la huko lilifuta mapumziko ya sikukuu hiyo mwaka 1640, wakati Waprotestanti wakali waliposhika usukani na kusema Biblia haikuiagiza. Sheria ilikuja kulegea, lakini 25 Desemba haikuwa siku ya mapumziko kwa Waskoti wote mpaka 1958. Furaha yao waliihamishia mkesha wa mwaka mpya, Hogmanay, na hadi leo barabara za Edinburgh hufurika usiku huo kuliko usiku wa Krismasi. Nayaleta haya kwa sababu wengi wetu tunadhani Krismasi imekuwapo tu siku zote. Uskoti ilihitaji ruhusa. Na Bujumbura ukiifuatilia Desemba yake, utaona karibu kila kizazi kimeambiwa na mtu fulani kitoke lini, kiimbe nini na kirudi nyumbani saa ngapi.

Kabla ya misheni, Desemba ya Burundi ilikuwa na mwenyewe. Sikukuu yake iliitwa umuganuro, ya kupanda mtama, na mwami, yaani mfalme, ndiye aliyefungua msimu kwa nchi nzima. Watu walisafiri kutoka majimbo ya mbali hadi kwenye makao yake. Ngoma zikapigwa, na Karyenda, ngoma iliyokuwa alama ya ufalme wenyewe, ikapewa heshima zake. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari kubwa ya mwisho wa mwaka. Wamisionari waliona humo upagani, watawala Wabelgiji wakaona umati uliokusanyika kwa jina lisilo lao, na mwaka 1929 umuganuro ukafanyika kwa mara ya mwisho. Pengo likabaki katika kalenda, na Noeli ndiyo iliyokuja kulijaza.

Noeli ilikuwa imeshabisha hodi mapema. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879 na kupitisha Krismasi mbili kando ya ziwa kabla ya kuuawa watu watatu wa misheni yao Mei 1881. Kanisa likarejea kwa njia ya milimani: Muyaga 1898, Mugera 1899. Mji wenyewe ulichelewa. Usumbura, ndivyo ulivyoitwa mpaka uhuru wa 1962, ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897, ukawa mji wa askari, wachuuzi na Waswahili waliotoka Ujiji na ng'ambo ya Kongo kabla haujawa mji wa kengele za kanisa. Wabelgiji waliouchukua mwaka 1916 wakaja kuwapangia Waswahili mtaa wao, Buyenzi, wenye barabara zilizonyooka na kupewa namba. Kwa hiyo hata leo Noeli ya Bujumbura ina mkono wa Mwislamu ndani yake: nguo ya mtoto imeshonwa na fundi wa Buyenzi, mbuzi amechinjwa na mtu wa Buyenzi, na sahani ya pilau inavuka ua kama itakavyovuka ua siku ya Idi. Ndio mtaa huohuo ambao miaka ya 1993 hadi 1995, mji ulipokuwa ukikatwa vipande vya Wahutu na Watutsi, ulikataa kukatwa, ukawahifadhi wote.

Matembezi ya ufukweni nayo hayakuwa ya kila mtu. Katika miji ya Wabelgiji usiku ulikuwa na mpaka. Mwafrika hakuachwa azurure mitaa ya Wazungu bila kibali, na klabu za kando ya ziwa zilikuwa za wenyewe. Baada ya uhuru mlango ukafunguka. Leo, misa ya asubuhi ikiisha, wenye magari na wasio nayo huelekea magharibi, upande wa barabara ya Uvira, kwenye fukwe za Saga. Watoto hupewa Fanta, wakubwa Primus au Amstel za Brarudi, kiwanda kilichokuwapo tangu 1955. Agiza samaki wa mukeke wa kukaanga, uwe na subira. Saa nzima ya kungoja si ajabu. Burusheti, ile mishikaki ya mbuzi, huja mapema zaidi, na ndizi zilizobanikwa pembeni na pilipili kwenye kisosi kidogo ambayo mgeni huonywa juu yake mara moja tu. Jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, kina mama huwatoa watoto majini. Ni saa ya viboko kupanda nchi kavu kula majani, na viboko wa Bujumbura hawajui sikukuu.

Kwa nini sherehe yote hii ni ya mchana? Joto la ziwa lingemfanya mtu mwenye akili asubiri jioni. Kwa maoni yangu jibu ni la kisiasa kuliko la hali ya hewa. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji makubwa, serikali iliweka amri ya kutotembea kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Amri hiyo ilipita mikononi mwa marais Micombero, Bagaza, Buyoya na waliofuata, ikakazwa zaidi miaka ya vita, na haikuondolewa hadi Aprili 2006. Miaka 34! Mtu aliyezaliwa ilipowekwa alikuwa mzazi ilipoondolewa. Kwa mji wa Wakatoliki maana yake ilikuwa hii: misa ya usiku wa manane haikuwezekana. Ilibidi Mtoto azaliwe mapema, waumini wawahi nyumbani kabla ya askari wa doria. Amri imeondoka, lakini mkesha wa parokia nyingi bado huanza jioni.

Utawala wa Bagaza ulikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1980 ibada za siku za kazi zilizuiwa, vikundi vya sala vikafungwa, wamisionari wakafukuzwa kwa mamia. Alipopinduliwa Septemba 1987, akiwa kwenye mkutano Quebec, Buyoya alianza kulegeza masharti hayo, na Noeli ya mwaka huo ilikuwa na pumzi nyingine.

Na muziki? Mwanzoni ulikuwa wa Kilatini, kisha wa Kifaransa. Minuit, chrétiens, tuni ya Adolphe Adam ya mwaka 1847, bado ina heshima yake Bujumbura. Karibu kila kwaya ina teno mmoja ambaye mwaka mzima hakuna anayemjua, hadi usiku huo anapoikaribia ile noti ya juu. Watu huacha kujipepea. Akiifikia, hata mahubiri husahaulika. Akiikosa, ataisikia mpaka Pasaka. Redio na baa zikaleta mengine: Petit Papa Noël ya Tino Rossi ya 1946, na Mary's Boy Child, ambayo Harry Belafonte aliirekodi 1956 na Boney M. wakaifanya ya dansi mwaka 1978. Hiyo ya Boney M. nimeichoka, nakiri, lakini duka lisiloipiga Desemba bado sijalipata.

Mabadiliko makubwa yalitoka Roma. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa kila watu. Majirani wa Kongo walikuwa wametangulia: Missa Luba ya Kamina, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, ilikwisha kuimbwa Ulaya mwaka 1958. Burundi nayo ikaanza kumwimbia Mtoto kwa Kirundi, kwa makofi na ngoma. Ngoma iliyopoteza sikukuu yake mwaka 1929 ikarudi kupitia mlango wa kanisa. UNESCO iliuingiza upigaji wa ngoma za kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, amri ya rais ikasema anayetaka wapiga ngoma hao kwenye sherehe yake aombe kibali, na wanawake wasizipige. Ruhusa, tena.

Mkondo mwingine wa nyimbo ulikulia nje ya nchi. Wakimbizi wa 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania, na huko barabara za kambi zilihesabiwa kwa namba. Ndiyo asili ya jina la Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, ambayo kaseti zake za Kiswahili zilisikika Afrika Mashariki nzima. Wengine wa vizazi hivyo wakapewa uraia wa Tanzania, zaidi ya 160,000. Wengine makumi ya maelfu wakarejea Burundi kuanzia 2008, na kwaya za Kiswahili zikawa sehemu ya mizigo yao.

Mapigo ya karibuni nayo yameacha alama. Soko kuu la Bujumbura, ambako mji mzima ulinunua nguo za sikukuu, liliteketea 27 Januari 2013, mwezi mmoja tu baada ya Noeli. Wanunuzi wakatawanyika kwenda Ruvumera na kwingineko. Mei 2015, katika jaribio la mapinduzi, redio za RPA, Bonesha na Isanganiro zilishambuliwa na kuharibiwa, na Noeli ya mwaka ule, wiki mbili baada ya mapigano yaliyoua watu wasiopungua 87, zilikuwa bado kimya. Halafu ziwa likapanda. Mwaka 2021, na zaidi 2024, maji yalimeza baa na hoteli za ufukweni, na baadhi ya watu wakahamishia matembezi yao mahali pa juu. Mugere imenufaika.

Ninachokuomba, msomaji, ni hiki. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti ya kwaya ya parokia au ya kambini, ya miaka ya sabini au themanini, usiitupe kwa kuwa hakuna tena redio ya kuipiga. Joto na unyevu wa ziwani huharibu utepe haraka. Tafuta fundi mwenye mashine ya zamani, aihamishie kwenye simu yako kabla ya Desemba ijayo, na umwulize mzee aliyeimba humo jina la mtunzi, uliandike.