Kutoka Kuta za Udongo hadi Tumbo la Mama: Historia Fupi ya Ugonjwa wa Chagas

Mwaka 1907 daktari kijana wa Brazil, Carlos Chagas, alitumwa katika jimbo la Minas Gerais kupambana na malaria iliyokuwa ikiwaangusha wajenzi wa reli. Huko Lassance alionyeshwa mdudu wa jamii ya kunguni, aliyejificha mchana katika nyufa za kuta za udongo na kutoka usiku kufyonza damu ya waliolala. Wenyeji walimwita barbeiro, yaani kinyozi, kwa kuwa aliuma usoni. Ndani ya mdudu huyo Chagas alikuta kimelea, ndugu wa kile kinacholeta malale barani Afrika, akakiita Trypanosoma cruzi kwa heshima ya mwalimu wake, Oswaldo Cruz. Aprili 1909 alikiona katika damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili, Berenice.

Ugunduzi huo ulikuwa wa kisiasa tangu siku ya kwanza. Ikiwa maradhi yanaishi katika nyufa za nyumba za mafukara, swali linalofuata ni nani aliyewaacha raia waishi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, baadhi ya madaktari wenzake wa Rio de Janeiro walidai kwamba alitia chumvi na kuipaka taifa matope. Chagas alifariki mwaka 1934.

Hatimaye serikali zilichukua hatua. Mwaka 1991 nchi za kusini mwa bara hilo, zikiwamo Argentina, Brazil, Chile na Uruguay, ziliungana kupulizia dawa majumbani na kupima damu ya wachangiaji. Uruguay ilithibitishwa kuukomesha uambukizo wa mdudu mkuu mwaka 1997, Chile mwaka 1999, na Brazil mwaka 2006. Ulikuwa ushindi wa haki, nao hauna budi kusifiwa.

Lakini ipo njia ambayo bomba la dawa haliifikii: kondo la nyuma. Mama mwenye kimelea aweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 20. Mama mwenyewe huenda hajui, kwa sababu ugonjwa hukaa kimya kwa miongo kabla ya kuudhuru moyo. Mtoto naye mara nyingi huzaliwa bila dalili yoyote.

Hapa ndipo ilipo aibu ya zama zetu. Dawa mbili, nifurtimox na benznidazole, zipo tangu miaka ya 1960 na 1970. Hazitumiki wakati wa ujauzito, lakini mtoto akitibiwa mapema baada ya kuzaliwa, karibu kila mara hupona kabisa. Na mwanamke akitibiwa kabla ya kushika mimba, humkinga mtoto atakayemzaa. Kinachokwamisha ni umbali na umaskini. Kipimo cha hadubini siku ya kuzaliwa huwakosa baadhi ya watoto, hivyo sharti warudishwe kupimwa tena wakifikisha miezi minane au zaidi, wakati kinga waliyoirithi kwa mama imekwisha mwilini. Familia inayoishi mwendo wa siku nzima kutoka zahanati mara nyingi hairudi.

Uhamiaji umelivusha suala hili bahari. Mwaka 2010 Catalonia, nchini Hispania, ilianza mpango wa kuwapima wajawazito wenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Mwaka 2017 mamlaka za afya za bara la Amerika ziliuweka ugonjwa wa Chagas katika mkakati mmoja na Virusi vya UKIMWI, kaswende na homa ya ini aina ya B, ili mama apimwe yote katika kliniki ileile.

Mkakati huo unakiri jambo lililochelewa mno kukiriwa. Kwa miongo mingi dola iliiona nyumba, haikumwona aliyelala ndani yake. Ukuta hupuliziwa mara moja na afisa akaondoka. Mama huhitaji kliniki iliyo karibu, kipimo kisicho na malipo, na mhudumu atakayemfuatilia mtoto miezi kadhaa baadaye. Huo ni mkataba wa kudumu kati ya serikali na raia, na mtoto anayezaliwa leo na kimelea kisichopimwa ndiye anayelipa gharama ya kuuvunja.